Taa Zilizovaa Kanzu

Wakati ule wa vita, umeme wa Bujumbura ulikuja ulipotaka. Mteja wangu, mfanyabiashara wa sabuni wa ukoo wa Kiarabu tuliyemwita Hadji, alitaka picha za maboksi niliyomchorea na kumchapishia: rangi ya kijani iliyokolea, jina la sabuni kwa wino wa dhahabu. Sampuli moja isingetosha. Wanunuzi wa Kigoma walikuwa wamesikia kwamba huku kwetu hakuna tena kinachofanya kazi, wakataka kuona mzigo mzima. Meli ilikuwa inaondoka kesho yake. Picha zikiharibika, oda inakwenda kwingine, nami nafunga karakana yangu ya uchapaji mtaani Nyakabiga. Nilikuwa nimeshaanza kujiona sokoni nikiuza nyanya, na mimi nyanya sijui hata kuzichagua.

Niliyapanga maboksi uani hadi yakanipita kimo. Juani dhahabu iliwaka, ikameza herufi zote. Nikayahamishia kivulini, barazani, kijani kikageuka cheusi na jina halionekani. Nikaitukana kamera, nayo ilikuwa ya kuazima, na filamu inaelekea kuisha.

Hadji akaingia na wenzake kutoka sala ya Ijumaa, kanzu nyeupe zimenyooka kwa pasi, kutazama kazi inakwendaje. Alipopita juani mbele ya baraza, kanzu yake ikarusha mwanga kivulini, jina la sabuni likajitokeza, dhahabu safi kabisa. Alipovuka, likazimika.

"Hadji, rudi pale pale," nikamwambia. "Ukitoka, maandishi inapotea."

Basi nikaanza kuwapanga watu wazima wa heshima kama masufuria: huyu asogee, yule apanue mikono, mwenye tumbo akae katikati maana kanzu yake ilikuwa na eneo. Walitii huku wakitaniana, nami furaha imenipanda kichwani, nikiwaamuru kuliko nilivyowahi kumwamuru mtu yeyote.

Safu ya chini ya maboksi tu ndiyo iliyogoma, ikabaki giza. Nikapiga hivyo hivyo mpaka nikabakiwa na picha moja. Nilipoweka kidole, mlio wa bunduki ukapasuka upande wa milimani. Wote wakachuchumaa, nami nikabonyeza kwa kushtuka. Kisha mwenye tumbo akashindwa kuinuka, tukacheka hadi machozi yakatutoka, hofu na raha kwa pamoja.

Fundi wa studio alisafisha filamu siku ile ile. Picha ya mwisho ndiyo pekee iliyosomeka mpaka chini: kanzu zilishuka, mwanga ukashuka nazo. Ila ndani ya dhahabu mlikuwa na madoa meupe: kama kwenye kioo, wao wenyewe wamechuchumaa. Nilimwomba Hadji radhi. Akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Apana, mi nabeba hii," akasema. "Ni siye hawa."

Aliporudi kutoka Kigoma na oda, nilimuuliza kama wanunuzi walihoji yale madoa. Walihoji, akasema, naye aliwajibu kwamba ni taa zetu.