Siku Waliyopita Getini

Harufu ya dawa ya kuchua misuli ikinipata popote, namwona baba, mwalimu wa timu yetu ya mpira pale Makole. Timu ilikuwa inafungwa kila wiki. Wachezaji walisema geti la uwanja limefukiwa uchawi, kwa hiyo waliingia kwa kuruka ukuta. Siku moja baba aliwalazimisha wapite getini. Tukafungwa tena.

Jioni mashabiki walijaa nje kwetu, miguu imejaa vumbi.

“Mwalimu, timu umeiua wewe! Toka!”

“Penalti sikukosa mimi,” baba alinong’ona.

Mama akanishika. “Usiogope, mwanangu. Wachezaji nao wapo.”

Nikafurahi, nikijua watamtetea. Nahodha, aliyekosa ile penalti, hakuruka ukuta wetu. Alisukuma geti, akaingia wa kwanza, akipaza sauti na mashabiki: “Toka!”