Sahani ya Mdogo Wangu

Nimekuwa mzee wa kanisa huku Lurujo kwa miaka mingi, na kosa ninaloliungama hapa nililifanya nikidhani namtumikia Mungu.

Mdogo wangu alipofiwa na mkewe, alianza kunywa waragi. Kikundi chetu cha kulima huzunguka shamba la kila mmoja kwa zamu, kisha wote hula enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, katika sinia moja. Mimi ndiye niliyependekeza asije kulima mpaka aache pombe. Nyumbani pia nikamwambia mke wangu amtengee chakula kwenye sahani ya bati. Niliyaita hayo marudi. Alikuwa akila ameuelekea ukuta, ananawa, anakwenda zake kwenye vilabu. Alizidi kukonda, na daktari mmoja wa Koboko akaniambia wazi kwamba ini lake halitavumilia mwaka mwingine wa namna hiyo.

Nikamfuata kilabuni kumkaripia. Hakubisha. Alisema tu, polepole, "Kaka, hapa kwa pombe wananiita jina yangu. Kwako iko sahani."

Nilirudi nikakaa na Biblia mapajani bila kuifungua. Kwamba Bwana alikula na wenye dhambi, hilo nimelifundisha tangu ujana wangu. Jioni ile nilimwomba msamaha, tukala bakuli moja.

Kisha nikamrudisha kwenye kikundi. Walipomwona na jembe, mama mmoja akamuuliza kama amekuja kuchimba muhogo au chupa aliyoifukia. Akajibu kwamba akiipata atampa yeye. Walicheka mpaka wakamsogezea nafasi mstarini.

Hakuacha kwa siku moja. Daktari alimpa dawa ya kutuliza mitetemeko. Alirudia pombe mara mbili, na mara zote mbili tulimpitia asubuhi kama kawaida, maana sasa safari yetu huanzia mlangoni kwake. Huu ni mwaka wa tatu hajaionja, namshukuru Mungu.

Wiki iliyopita magoti yalinishika, nikabaki kitandani. Nikasikia hodi. Alikuwa yeye, jembe begani.

"Kaka, jembe yako iko wapi? Watu wanangoja."

Nikamwambia siwezi kulima.

"Hata kama. Utakuja kukaa na sisi."

Akachukua jembe langu pia, akanipa mkono, tukaenda taratibu.