Siku ya Sita ya Pagume

Tsigereda hakuwa mtu wa kupayuka. Miaka minne tulikaa meza jirani katika ofisi yetu ya Addis Ababa, na ugomvi wake mkubwa ulikuwa na watu wanaotia sukari kidogo kwenye kahawa. Lakini mwezi ule wa Nehase, mwaka ukielekea kwisha, nilimwona amefura.

Tuliitengenezea kliniki moja mfumo wa kupanga zamu za wagonjwa wa figo. Ghafla zamu zikaanza kupotea. Mgonjwa anafika kusafishwa damu, jina halimo, anarudishwa nyumbani. Lawama zikamwangukia Etagenyu, karani wa mapokezi, eti anafuta watu awape nafasi ndugu zake. Akapewa mpaka Ijumaa ajieleze, la sivyo kazi hana.

"Mwanangu, kila jina nimeliingiza kwa vidole vyangu hivi," alimlilia Tsigereda kwenye simu. "Na uzee huu niitwe mwizi?"

Msimamizi wetu, Ato Wubshet, akaamuru tuwashe logi za kina za mfumo mzima, kila sehemu iandike kila inachokifanya. Kufika adhuhuri diski ilijaa, mfumo ukagoma, kliniki nzima ikarudi kwenye kalamu. Wubshet akazizima hizo logi.

"Mmeona? Mfumo hauna neno. Yule mama ndiye mwizi, basi."

"Sindano imeanguka chumbani, wewe unafagia mji mzima!" Tsigereda akamjibu. "Niachie sehemu moja tu, bosi. Ile inayobadili tarehe zetu kuwa za kizungu."

"Hiyo usiiguse. Niliiandika mwenyewe."

"Ndiyo maana nataka kuiona."

Mimi nilijua ana haki, nikainamia kibodi yangu kama mwoga, na sijajisamehe.

Tsigereda hakungoja ruhusa. Aliwasha logi za sehemu ile peke yake, tena kwa zamu zinazotoka meza ya Etagenyu tu, akampigia aingize upya mgonjwa mmoja. Ikatoka mistari kumi na miwili. Wa tisa ulisema: Pagume 6, tarehe haipo, zamu zote za mgonjwa zimetupwa.

Haipo! Mtoto yeyote wa kwetu anajua Pagume, mwezi wa kumi na tatu wa kalenda ya Ethiopia, una siku tano, na kila mwaka wa nne zinakuwa sita, na huu ndio ulikuwa mwaka wenyewe. Wubshet aliishia tano. Mgonjwa ambaye zamu yake moja iliangukia siku hiyo alipoteza zote, bila onyo hata moja kwenye skrini.

"Soma," Tsigereda akamwambia. "Soma kwa sauti."

Hakusoma. "Tutarekebisha kimyakimya. Kliniki haina haja ya kujua."

"Na mama wa watu?"

"Hayo ni yao."

Tsigereda akaichapisha ile mistari, akatoka bila kuaga. Safari hii nilimfuata. Kliniki tulimkuta mkurugenzi amesimama mapokezi, mkono juu ya simu, akimfokea Etagenyu. Tsigereda akamkabidhi karatasi na kumweleza. Mkurugenzi akasoma, akaanza kuomba radhi.

"Radhi utaniomba baadaye," Etagenyu akamkata. "Sasa hivi niachie simu. Nina watu sita wa kuwaita, hawajasafishwa damu tangu Jumatatu."