Nyumba ya Octave Iliponyamaza

Octave alikuwa fundi cherehani mwenye sauti ya kukera. Nasema hivyo kwa upendo. Ndiye aliyenishonea suti ya harusi, akaibana mabegani, nami nikamsamehe. Alipanga nyumba ndogo huko La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, na chumba cha mbele alikifanya karakana: cherehani mbili, meza kubwa ya kukatia vitambaa, na televisheni ukutani. Kanisani aliimba besi. Nyumbani aliitoa besi hiyohiyo kila Barcelona walipofunga, na madereva waliosimama kwenye robot, yaani zile taa za barabarani pale kona, walijua matokeo bila kuuliza.

Kila msimu wa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, Jumanne na Jumatano usiku, meza ilisukumwa ukutani nasi tukakaa sakafuni juu ya mabaki ya vitambaa. Wengi walikuwa Wakongo. Alikuwepo Burhani, Mtanzania mlinzi wa duka, na mimi Chege, Mkenya wa benki kutoka mtaa wa Kensington, jijini humohumo. Mimi ni wa Real Madrid, na nilivumiliwa tu kwa sababu nilikuwa na gari la kuwarudisha watu makwao. Murielle, mke wa Octave, alituletea chai akinung'unika kwamba tutamwamsha Carmel, binti yao wa miaka saba. Tulimwamsha kila mara.

Februari 2017 mambo yakageuka. Wakazi wenye hasira walichoma nyumba kadhaa hapo jirani, Rosettenville, wakisema ni za dawa za kulevya na ukahaba. Octave aliuona moshi akiwa na mkasi mkononi. Nilipompigia simu, sauti iliyopokea ilikuwa ndogo hata nikadhani nimekosea namba. Alisema mtaani kwao watu wameanza kuzitaja nyumba za wahamiaji ambamo wanaume huingia usiku. Sasa, kwake wanaume walikuwa wakiingia usiku. Kwamba tuliingia kutazama mpira, nani angeuliza akiwa ameshika kibiriti?

Ingekuwa mimi, ningefunga mlango mpaka msimu uishe. Lakini tarehe kumi na nne Barcelona walikuwa wakicheza na Paris Saint-Germain, na Octave hakuweza kuikosa. Akatoa masharti. Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita, askari walipita usiku wakisikiliza, na nyumba iliyozima taa na kunyamaza ndiyo iliyoamka salama. Hayo aliyajua tangu ujana wake, na hakuna ambaye angemfundisha mengine. Basi tulitakiwa tuingie kwa mlango wa nyuma, kupitia kichochoro, mmoja mmoja, tukipishana dakika kumi. Dirisha alilifunika kwa kitambaa cheusi cha suti. Televisheni ilikaa bila sauti. Atakayeshangilia asirudi tena.

Tulitii. Nilijibana gizani kati ya Burhani na cherehani, Barcelona wakichapwa manne kwa bila kule Paris, na sikuthubutu hata kumcheka mtu. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilitufanya tuinamishe vichwa. Octave hakuutazama mpira, aliutazama mlango. Nilijiona kama mwizi katika nyumba niliyokaribishwa, na jambo hilo liliniudhi kuliko hofu yenyewe. Hata hivyo wiki iliyofuata tulirudi vilevile, kwa mechi zisizotuhusu, na kwa kuwa hakuna lililotokea Octave akaanza kuamini kwamba ukimya umetusaidia.

Jumamosi ya tarehe nne Machi, mchana kweupe, nilikuwa pale nimeleta suruali ipunguzwe. Akaingia MaShezi, mama wa Kizulu wa nyumba ya pili, kuchukua blauzi yake nyekundu ya umoja wa wanawake wa kanisani. Aliijaribu, akajigeuza mbele ya kioo, akasifu kola. Kisha akakaa, akasema mtaa umefanya mkutano na nyumba hii imetajwa. Jumatano usiku wanaume watakuja kuona kinachofanyika humu ndani.

Octave alimuuliza nani aliyeitaja. Walizungumza ule mchanganyiko wao wa Kizulu na Kiingereza, nami nauweka hapa kwa Kiswahili.

"Mimi," alisema MaShezi. "Miaka yote mlipiga kelele, nikajua ni mpira. Nilikutukana, nikageukia upande wa pili, nikalala. Sasa naona wanaume wanapita kichochoroni mmoja mmoja, taa zimezimwa, hakuna hata anayekohoa. Nina wajukuu watatu, Octave. Ulitaka nifikiri nini?"

Octave alijaribu kumweleza habari za Uvira, lakini Kizulu chake hakikufika huko. MaShezi alisikiliza, akasema atazungumza nao, ila haahidi kitu, maana neno likishatoka mkutanoni halina mwenyewe. Alichukua blauzi yake akaondoka. Mimi niliogopa, na niliona haya kwamba wakati uleule nilikuwa nikihesabu siku ambazo suruali yangu ingekuwa humo.

Niliwaambia waje kwangu Kensington. Octave alisema nyumba tupu ndiyo huwaka upesi. Murielle, aliyekuwa akinyoosha nguo pembeni, aliweka pasi chini.

"Miye sikimbie tena," alisema kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Bakikuja, batanikuta apa."

Basi wakaamua kufanya kinyume cha yote. Jumatano ya marudiano, kitambaa cheusi kiling'olewa, taa zote zikawashwa, geti likaachwa wazi, na televisheni ikageuzwa itazame dirishani, sauti juu. Octave angeshangilia kama zamani, ili mtaa mzima usikie kwamba ni mpira tu. Kati ya watu kumi na watano wa kawaida tulifika wanne. Nami sijisifu: gari niliegesha mitaa mitatu mbele, pua yake ikielekea barabara kuu.

Walikuja kabla ya saa nne kasorobo, mpira haujaanza. Walikuwa kama ishirini, wakapanga mstari kando ya ukuta wa mbele, MaShezi kati yao amejifunga blanketi. Mmoja alikuwa na kidumu cha plastiki. Nilijiambia ni maji. Carmel alikuwa amelala chumbani.

Dakika ya tatu tu, Barcelona wakafunga. Sote tulimgeukia Octave. Alisimama, kifua kikajaa, kinywa kikafunguka, na hakikutoka kitu. Burhani akashangilia badala yake, vibaya, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Wale wa nje walitutazama tu. La pili likaingia, la tatu likaingia, na kila mara Octave alisimama, akafungua kinywa, akakaa tena akiwa analowa jasho. Paris walipopata lao moja, Barcelona wakawa wanahitaji matatu mengine, na mimi nilitaka mpira uishe haraka ili nijue tutaishi au vipi.

Sijui walisogea saa ngapi. Nilipotazama walikuwa getini, nilipotazama tena walikuwa uani, na katika dakika za mwisho, goli la nne na la tano lilipoingia, nyuso zao zilikuwa zimebanana kwenye nondo za dirisha. Wametufuata sisi au wameifuata televisheni? Sikuweza kujua. Octave alikuwa ameipa televisheni mgongo, akihesabu vichwa.

Goli la sita liliingia dakika ya mwisho kabisa. Kelele ilitoka nje. Koo ishirini kwa mara moja, ngumi zikigonga nondo, geti likilia, mtu akikanyaga ndoo. Nilimwona Octave akiruka miguu yangu. Aliingia chumbani, akamnyakua Carmel kitandani, akarudi naye mbio, akajitupa chini ya meza ya kukatia na kumfunika mtoto kwa mwili wake wote.

Uani watu walikuwa wakicheza. Mmoja alipitisha mkono dirishani akitafuta wa kumpa, Burhani akaushika. MaShezi alikuwa akiwakaripia huku anacheka, wasivunje dirisha la watu. Kile kidumu sikukiona tena, na mpaka leo sijui kilikuwa na nini.

Murielle alipiga magoti kando ya meza. Carmel alikuwa analia.

"Octave, ni goli," alisema. "Barça wameshinda. Toka."

"Zimisha taa," alisema Octave kutoka chini, kwa sauti ndogo ile ya kwenye simu. "Zimisha, banatusikia."

Murielle aliniangalia, kana kwamba mimi ninajua la kufanya. Nje walikuwa bado wanaimba. Nikainuka nikaizima taa.