Jinsi nilivyokaribia kukata kidole cha alama ya mizinga ya shangazi kwa faksi

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sikusimuliwa, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha zilivyo.

Mimi ni mtu wa Tabora mjini, nimevuka hamsini, nina digrii na kamera kubwa kuliko kipaji changu. Napiga RAW, yaani picha ghafi, yenye kila kitu ambacho kamera imeona. Wageni wakija nawaeleza hilo hata kama hawajauliza.

Shangazi yangu Kalunde ni mjane, anaishi Ipole. Marehemu mumewe alimwachia mizinga ya nyuki, ya magogo, msituni, na kila mzinga umechongwa alama yake: mguu wa kanga, vidole vitatu.

Jirani yake alama yake ni vidole viwili. Mwaka huu akadai mizinga yote ya upande wa mtoni ni yake.

Daftari la zamani la alama liko kwenye ofisi moja mbali na hapa. Karani akatuambia kwa simu: tumeni picha ya alama kwa faksi kabla ya Ijumaa saa sita mchana, kikao kinaamua mgogoro wenu siku hiyo.

Ndiyo wakuu, faksi. Na mimi nilicheka.

Nikaenda Ipole, nikapiga picha thelathini. Kurudi mjini shangazi akapanda basi na mimi, amefungia mzinga mmoja mtupu kwenye kitenge.

"Shangazi, picha ninazo. Mzinga wa nini tena?"

"Wewe una picha, mimi nina mzinga. Twende."

Ijumaa saa tatu asubuhi tuko stationery, duka la kuchapa na kutuma nyaraka. Programu ya kutuma faksi ikakataa RAW yangu. Ikakataa na JPEG, ile picha ya kawaida. Inataka faili la aina ya TIFF, upana nukta 1728, rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Kijivu hakuna. Kila nukta ichague upande.

Nikiri, hapo nilisahau kesi nikaanza kufurahia. Maisha yangu yote ya chuo nilifundishwa kwamba mambo mengi ni ya kijivu!

Sasa gogo kuukuu ni la kijivu, mkato wa kijivu, kivuli cha msitu cha kijivu. Jaribio la kwanza likatoka jeusi tii. Nikasogeza threshold, kile kipimo kinachoamua nukta ipi iwe nyeusi na ipi nyeupe. Ikatoka safi, ya kuvutia. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kutuma.

Shangazi akavaa miwani.

"Subiri, mwanangu. Umemkata mume wangu kidole."

Kweli. Kidole cha tatu, kilichochongwa kwa kina kidogo, kilikuwa kimezama kwenye weupe. Iliyobaki kwenye skrini ilikuwa alama ya jirani. Ningempa mizinga kwa kamera yangu mwenyewe.

Nikasogeza tena. Kidole kikarudi, na nyufa za gogo zikarudi nacho: vidole saba. Saa tano imeshapita.

"Huko chuo ulisomea nini?"

"Sosholojia, shangazi."

"Ndiyo maana."

Akaenda kwa mama ntilie wa mlango wa pili, akarudi na unga wa muhogo kiganjani. "Porini alama ikififia tunapaka unga kwenye mkato, juu tunafuta." Akapaka, akafuta. Vidole vitatu vyeupe, na gogo pembeni yake likaonekana jeusi. Nyuki mmoja aliyekuwa amebaki ndani akatoka, na wateja wawili wakatoka pia, wao kwa mbio.

Nikapiga picha mlangoni (RAW bado, kiburi hakiishi kwa siku moja), nikabadilisha. Safari hii kila nukta ilijua upande wake. Saa sita kasoro dakika kumi, ikaenda.

Alasiri karani akapiga. "Mama, vidole vitatu, kama vilivyo daftarini. Kikao kimesema mizinga ni yako."

Shangazi hakupiga kigelegele. Alisema tu, "Rudia. Vingapi?" Akamfanya arudie mara mbili.

Nilichojifunza: kabla hujapunguza picha, muulize mwenye alama ni kipi hakitakiwi kupotea. Na mwonyeshe kabla hujatuma. Mimi nilijua nukta 1728, ila vidole sikuvihesabu.

Mnaojua namna ya kuweka threshold kipande kwa kipande, nielekezeni. Na kama kuna mwingine bado anatuma faksi, ajitokeze, hapa hatachekwa.

Shangazi karudi Ipole. Mzinga kauacha sebuleni kwangu, juu ya begi la kamera, na unga wake bado umo.