Eliwaza na Farasi Aliyevunja Mguu wa Mumewe

Siku Andrea alipoletwa nyumbani kwa machela, Eliwaza alikuwa mlangoni akichambua maharage. Aliona watu wanne wakija kutoka upande wa zizi, wakitembea kama watu watokao mazishini, akainuka ghafla na ungo ukamwaga kila kitu miguuni pake. Hakuuliza ni nani. Katika kambi nzima ile ya mkonge, huku bondeni chini ya milima ya Upare, mtu mmoja tu ndiye aliyefanya kazi zizini asubuhi.

"Yu hai, Mama Yudith," mbebaji wa mbele akawahi kusema. "Ni mguu tu."

Mguu tu! Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Ulikuwa mwaka wa nzige, elfu moja mia tisa thelathini na nne. Andrea, mtu wa Suji kule milimani, alikuwa saisi wa Bwana Stavro, Mgiriki mwenye shamba lile. Kazi yake ilikuwa kuwazoesha farasi wachanga lijamu, tandiko na uzito wa mtu. Aliyempiga teke alikuwa farasi jike wa miaka mitatu, mwekundu, ambaye vibarua walimwita Pilipili.

Jioni Bwana Stavro alikuja akasimama nje ya mlango. Alimpa Andrea pole, kisha akasema la moyoni. "Padri wa misheni anakuja Jumatano ya tatu kumtazama yule jike, anataka kumnunua. Akikuta hapandiki, nitampiga risasi. Na mimi siwezi kukaa bila saisi, Andrea. Akija mwingine, atahitaji nyumba hii."

Akaondoka. Eliwaza alibaki amesimama mlangoni. Warudi wapi? Kule Suji nzige walikuwa wameacha mabua matupu, na mama mkwe alikuwa akiishi kwa kuombaomba majirani.

"Si kosa la mnyama," Andrea alisema, uso wake umeelekea ukutani. "Bwana alikuwa ananitazama. Nikaona haya kukawia, nikamkaza mkanda wa tumbo kwa pupa. Ningengoja kidogo tu, ningekuwa mzima."

"Mimi ananijua," Eliwaza akasema. "Kila nikikuletea chakula hunusa kanga yangu."

"Mama Yudith, yule anaua."

"Basi nifundishe nisiuawe."

Bwana Stavro alicheka aliposikia. Lakini saisi mwingine wa karibu alikuwa kule Moshi, na padri alikwisha andikiwa barua. Akasema, haya, ajaribu.

Asubuhi ya kwanza Eliwaza alifika langoni akashindwa kulifungua. Pilipili alikuwa ng'ambo ya zizi, masikio kayalaza nyuma, akipiga kwato chini. Eliwaza alihesabu pumzi zake kama alivyoagizwa, kisha akaingia, akaketi juu ya gogo na kumpa yule farasi mgongo. "Usimtazame machoni," Andrea alikuwa amemwambia. "Na usimwendee. Mwache akutake mwenyewe." Akawa anachambua mboga, jasho likimtiririka kwapani, masikio yote yako nyuma. Kila kwato iliposogea aliona kama uti wa mgongo wake unapasuka. Siku hiyo hakikutokea kitu. Ya pili vilevile. Siku ya tatu pumzi ya moto ikamgusa shingoni, na alijikaza asipige kelele.

Nyumbani alimsimulia mumewe kila kitu, na Andrea, mguu umefungwa gango la vijiti, alisikiliza kama hakimu. Masikio yalikuwaje? Mkia je? Alitafuna kama farasi aliyetulia, au alikaza taya? Kisha humpa kazi ya kesho: kamba shingoni, basi. Gunia tupu mgongoni, umwache alinuse kwanza. Tandiko, lakini bila mkanda. Mkanda, lakini tundu moja, kisha umtembeze, kisha tundu la pili.

Siku ya kumi na moja Eliwaza alijilaza kwa tumbo juu ya mgongo wa Pilipili, na jike akatulia. Wakati huohuo Mbaraka, mnyapara wa shamba, alikuwa akipita, akaona kichekesho. "Leo tumepata Bibi Saisi!" akapaza sauti, akavumisha kiboko chake hewani. Pilipili aliruka kama aliyeungua. Eliwaza alianguka chini kifudifudi, na midomo ikapasuka.

Andrea alipomwona alilia. "Yatosha. Tutarudi mlimani, tule tutakachokula."

Eliwaza akaosha damu. Alikuwa anaogopa kuliko siku ya kwanza, kwa maana sasa alijua ardhi ile ilivyo ngumu. Lakini zilibaki siku tisa. Kesho yake alirudi kwenye gogo na kuanza upya kwa kukaa tu, na siku mbili nzima zikapita hivyo, akiziona zinavyokwisha. Siku ya kumi na sita akaketi tandikoni kwa mara ya kwanza. Siku ya kumi na tisa walizunguka zizi lote, na Pilipili akasimama alipoambiwa asimame.

Jumatano padri akaja na treni ya asubuhi mpaka Same, na gari la shamba likamleta. Alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu, na kanzu nyeupe iliyopepea kwa upepo wa bondeni. Bwana Stavro alishika lijamu mwenyewe. Padri alipoweka mguu kwenye kikuku cha kupandia na kukaa juu, tandiko likalia kwa uzito ambao Pilipili hakuwahi kuujua. Akatupa kichwa juu na kuanza kurudi kinyumenyume. Bwana Stavro akainua fimbo.

"Bwana, hapana!"

Watu wote waligeuka. Eliwaza mwenyewe alishtushwa na sauti yake. Kibarua hakumkataza Bwana mbele ya mgeni, sembuse mwanamke. Lakini maneno yalikwisha toka, naye akayafuata kwa miguu. "Naomba uteremshe fimbo, Bwana. Na wewe Baba Padri, usishuke, usimvute. Kaa tu. Pumua."

Akashika lijamu. Alisimama kando ya shingo ya jike, na kwa muda farasi alitetemeka ngozi nzima. Halafu akashusha kichwa, akatafuna. Eliwaza akapiga hatua moja. Pilipili akapiga moja. Langoni Eliwaza aliachia lijamu. Padri akaenda peke yake mpaka kwenye mistari ya mkonge, akarudi taratibu, akiwa amekunja uso kwa makini kama mtoto.

"Nani kamfundisha?" aliuliza.

Bwana Stavro alisita. "Saisi wangu," akasema, kisha akamwonyesha Eliwaza kwa kidevu.

Mguu wa Andrea uliunga, ila ulipinda, na hakupanda farasi tena. Walibaki katika nyumba ile miaka saba, yeye akiitwa saisi, mkewe akiingia zizini. Pilipili alimbeba padri milimani, kijiji cha Mamba na kwingineko, bila kumwangusha. Wengine wote waliokuja baadaye, farasi na nyumbu, walipitia mikononi mwa Eliwaza, na kabla ya kuanza na kila mmoja hakulala vizuri wala hakunywa chai kwa hofu. Watoto wake walidhani ni mfungo.