Daraja Nililosema Nimelifikia

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka moyo hunienda mbio. Ilikuwa kabla ya Uhuru. Nilikuwa kibarua wa gengi la reli hapa Shinyanga, kijana mwenye haraka zisizo na maana. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na zamu ya kukagua njia ya reli kabla ya treni ya kutoka Tabora kuingia ilikuwa yangu.

Ndani ya treni hiyo alikuwamo mke wangu, akirudi kutoka kujifungua kwao. Mtoto mwenyewe, Masanja, sikuwa nimemwona bado. Nilitaka nimalize mapema, nioge, nivae shati jipya.

Kabla ya daraja dogo la mbugani nilikutana na mzee mchunga ng'ombe akitokea upande huo.

"Shikamoo, baba. Mhola utokako?"

"Marahaba. Mhola duhu," akajibu, yaani salama tu.

Basi nikageuza nikarudi, daraja sijalifikia! Desturi yetu unaijua: salamu ya kwanza hujibiwa salama hata kama nyumbani kuna msiba, habari yenyewe hufuata mkishatulia. Mimi sikutulia. Mzee aliniita, nikampungia mkono tu.

Kambini mnyapara wetu, mtu wa maneno machache, aliniuliza, "Darajani umefika?"

"Nimefika, mzee."

Nikaenda kuoga. Nikiwa na sabuni mkononi hofu ikanishika: yule mzee wa ng'ombe alitaka kuniambia nini? Nilivaa nguo juu ya povu, nikanyakua bendera nyekundu, nikatimua mbio. Mnyapara aliponiona hakuuliza, alinifuata. Matope yalining'ang'ania miguu, na moshi wa treni nikauona kwa mbali. Nilipunga bendera huku nalia, wala sikuona aibu. Treni ilisimama hatua chache kutoka darajani, pale maji yalipozoa kokoto zote, reli zikining'inia.

Abiria wakashuka, wakavuka kwa miguu. Mke wangu akanipa mtoto, akaitazama ile reli.

"Baba Masanja, leo nani alikagua njia?"

Mnyapara akaniachia nijibu mwenyewe.

"Ni mimi. Na sikufika hapa."

Mke wangu akamchukua mtoto mikononi mwangu.

Mwanangu, kazi inayobeba roho za watu ifikie mwisho wake kwa miguu yako mwenyewe. Na ukishadanganya, kimbia ukaseme kweli wakati bado inaweza kumwokoa mtu. Mungu akujalie uaminifu, na wote unaowangoja wakufikie wazima.